Sababu ya Rufaa

Bwana Kuribayashi haanzi na salamu.
Anaingia na theluji mabegani, anakunja sweta hadi juu ya kiwiko,
ananiwekea mkono mezani kama fundi anayekabidhi kifaa:
"Sikiliza kwanza. Habari za nyumbani baadaye."

Miaka thelathini na mmoja Idara ya Maji ya hapa Akita
ilimlipa mshahara asikilize.
Usiku, magari yakishalala, alitembea na fimbo ya chuma,
ncha moja barabarani, nyingine sikioni,
akitafuta bomba linalovuja chini ya lami.
Maji yapitayo salama, anasema, yanaguna.
Yanayovuja yanapiga mluzi.
Mji mzima umelala, na yeye kapiga magoti
mbele ya duka la samaki lililofungwa,
ardhi inamnong'oneza.

Siku hizi bomba ni lake.
Daktari aliunga ateri na vena karibu na kifundo cha mkono,
mshipa ukanenepa, ukapanda kama mzizi juu ya udongo.
Naweka vidole vitatu: unatetema, paka aliyeshiba.
Naweka stetoskopu: vuu, vuu, vuu,
hakuna kimya kati ya pigo na pigo.
Naandika: mtetemo upo, mvumo upo.
Sindano mbili, ya kutoa na ya kurudisha.
Presha ya kurudi: mia thelathini na nane.
Pampu inaanza kuzunguka.

Bi Hatsue, aliyestaafu na mgongo uliopindwa na vitanda,
alinifundisha hili kabla ya jingine lolote:
mkono usifunikwe.
Mashine inajua namba, alisema. Haijui shuka.
Sindano ikichomoka, ncha ikalalia godoro,
namba hushuka kidogo tu, kengele isijali,
na pampu, mtumishi asiyeuliza,
ikaendelea kumwaga.

Februari ile hita ya dirishani iliharibika.
Vitanda kumi na vinne, wauguzi wawili.
Kitanda cha tisa kikapiga kelele: Bi Nagaoka
kakunja mkono tena usingizini. Nikaunyoosha.
Cha nne kikadakia. Nikakimbilia cha nne.
Bwana Kuribayashi aliomba blanketi kwa mwanafunzi,
na mwanafunzi, mtoto mwenye adabu, akampa.

Nilipita. Mia na kumi na sita.
Ndani ya mipaka. Nikaenda zangu.

Kisha nikarudi, na hadi leo sisemi kwa nini
maana nitakuwa najisifu.
Blanketi lilikaa vibaya. Lilikuwa zito upande mmoja.

Nikalifunua.

Rangi siielezi.
Nilizima pampu, nikabana mirija, nikakandamiza kwa vidole viwili,
nikaita jina la mwenzangu kwa sauti niliyodhani si yangu.
Kichwa chini, miguu juu, maji ya chumvi.
Alipofumbua macho hakuuliza kama atakufa.
"Sikusikia," alisema.
"Miaka thelathini na mmoja, na sikusikia."

Ningemwambia nini?
Damu haipigi mluzi. Godoro huinywa kimyakimya.

Jumatano ya wiki iliyofuata akaja na mkono wa sufi
aliofumiwa na mkewe, Tomie,
wenye dirisha palepale penye sindano,
kingo zake zimeshonwa kwa uzi mwekundu
ili mtu yeyote apitaye, hata akiwa na haraka, aangalie.

Leo ni Aprili, theluji imebaki vichochoroni tu.
Presha: mia arobaini na tisa. Ijumaa, arobaini na nne.
Kengele huamka kwenye mia mbili.
Ameniomba stetoskopu, kafumba macho,
anaitembeza pole pole kutoka kifundoni,
na chini kidogo ya kiwiko anasimama.
"Hapa," anasema. "Hapa pamebana."
Nasikiliza. Vuu, vuu,
na ndani ya vuu, kitu chembamba,
kama mtu anayepuliza kwenye tundu la ufunguo.

Najaza fomu ya kumpeleka kwa daktari wa mishipa.
Jina. Umri. Kitanda.
Sababu ya rufaa:
mgonjwa amesikia.